Uzito wa Chuma

Tarehe 11 Julai 1915, katika delta ya Rufiji, meli mbili za Waingereza zilizoundwa kwa ajili ya maji mafupi, Severn na Mersey, ziliipiga manowari ya Kijerumani Königsberg mpaka nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe pale pale kwenye matope. Septemba iliyotangulia manowari hiyo ilikuwa imeivamia bandari ya Zanzibar na kuizamisha Pegasus, kisha ikajificha mtoni kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa haba na mitambo yake imeharibika. Vipande vya mitambo hiyo vilikokotwa na Waafrika kwa maelfu kupita misitu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikakokotwa tena hadi mtoni. Manowari ilipokwisha kuzama, mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa majini mmoja mmoja. Karakana za Dar es Salaam ziliitengenezea fremu na magurudumu, na silaha iliyosanifiwa ielee baharini ikaanza kutembea nchi kavu. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen huko Ziwa Tanganyika. Mingine ilipelekwa kaskazini Kahe, mingine Kondoa Irangi, na iliyosalia ikarudi kusini pamoja na jeshi la kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck. Kufikia mwisho wa 1917 hapakuwa na hata mmoja uliobaki ukipiga.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa akili ya fundi wa Kijerumani, na akili hiyo ilikuwapo kweli. Kuugeuza mzinga wa meli uwe wa nchi kavu bila kiwanda, bila chuma kipya, na pwani yote imezingirwa na adui, si kazi ndogo. Lakini msimulizi akiishia karakanani ameacha nusu ya habari, tena nusu iliyo nzito zaidi. Mzinga ule ulikuwa wa kukokotwa, na ng'ombe wa kuukokota walikufa kwa nagana inayoenezwa na mbung'o. Kazi ikabaki kwa watu, mamia kwa mzinga mmoja, wakivuta kamba kwenye tope la masika na mchanga wa kiangazi. Ninachodai katika sura hii ni kwamba historia yote ya silaha nzito za Wajerumani, kuanzia mizinga ya Rufiji hadi vifaru vikubwa vya 1943 na 1944, haieleweki mpaka tuulize uzito wa chuma kile ulibebwa na nani. Kila tani inayoongezwa kwenye silaha humwangukia mtu fulani: dereva wa lori, fundi wa reli, mchimba madini, mpagazi. Dola lenye mafuta, reli na viwanda hulipa kwa vitu hivyo. Dola lisilo navyo, likikataa kuupunguza uzito, hulipa kwa miili ya watu, na mara nyingi si watu wake.

Hesabu ya upagazi ni rahisi, na inatisha. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi. Kama anakula karibu kilo moja ya unga kwa siku, na chakula hicho kinatoka kwenye mizigo ya msafara wenyewe, safari ya majuma mawili kwenda na mawili kurudi inaumaliza mzigo wake wote, na mstari wa mbele haujapata hata kibaba. Ndiyo maana kila mpagazi wa risasi alihitaji mpagazi wa chakula nyuma yake, na huyo naye akahitaji mwingine. Waingereza walipoamua kumfukuza Lettow-Vorbeck kote Tanganyika hadi Msumbiji, waliwaandikisha Waafrika wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Zaidi ya 95,000 wameandikwa kuwa walikufa, na karibu nusu yao walitoka Kenya. Walikufa zaidi kwa kuhara damu, malaria, njaa na baridi kuliko kwa risasi. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Nairobi ilitunga sheria ya kuwaandikisha kwa lazima, na mwaka 1917 ofisa wake John Ainsworth akasimamia msako mkubwa uliokomba vijana vijijini. Hapa kwetu Kenya, Uasin Gishu wakati huo haikuwa na reli. Gari moshi lilifika Eldoret mwaka 1924 tu. Makaburu wa uwanda huu walikwenda vitani na farasi zao, na farasi za jeshi la Afrika Kusini zilipoteketea njiani kuelekea Kondoa Irangi mwaka 1916, ikadhihirika kwamba vita vya nchi ile havitapiganwa kwa wanyama. Magari ya deraya ya Rolls-Royce yaliletwa pia, yakafaa palipokuwa na njia kavu, yakakwama ilipopiga masika. Aliyebaki akitembea ni mtu mwenye mzigo kichwani.

Mtu anaweza kusema hapo hapo kwamba nawaonea Wajerumani, kwa kuwa waliotumia wapagazi wengi zaidi walikuwa Waingereza. Ni kweli, wala sikusudii kuwasamehe. Lakini pingamizi hilo linaipa hoja yangu nguvu: sheria ya uzito haina taifa. Kinachotenganisha mataifa ni uamuzi wanaoufanya baada ya kuiona sheria hiyo ikifanya kazi. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliiona. Alipovuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi Novemba 1917, mizinga ya Königsberg ilikuwa imekwisha, jeshi lake lilikuwa limepunguzwa hadi wale walioweza kutembea na kulishwa, na silaha zake mpya alizipata kwa kuwanyang'anya Wareno huko Ngomano. Akadumu mwaka mzima zaidi, hadi aliposalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Jeshi lake lilikuwa gumu kukamatwa kuliko wakati wowote pale lilipokuwa jepesi kuliko wakati wowote. Somo hilo lilikuwa wazi kwa afisa yeyote wa Kijerumani aliyetaka kulisoma.

Mkataba wa Versailles wa Juni 1919 uliifunga sura ile na kufungua nyingine katika waraka mmoja. Kifungu cha 119 kiliinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote, Tanganyika ikiwamo. Kifungu cha 171 kiliikataza kuunda au kuagiza vifaru. Hadi hapo Wajerumani walikuwa wamekawia katika silaha hiyo: katika Vita vya Kwanza vya Dunia vyote walikamilisha vifaru 20 tu vya aina ya A7V, wakati Waingereza na Wafaransa walikuwa na maelfu. Marufuku hiyo iliwapa jambo ambalo washindi hawakuwa nalo, yaani muda wa kufikiri bila kubebeshwa ghala la mashine zilizopitwa na wakati. Wakaunda vielelezo kwa siri na kuviita matrekta. Kuanzia 1929 hadi 1933 wakavijaribu katika shule iliyofichwa karibu na Kazan, ndani ya Umoja wa Kisovieti, mbali na macho ya wakaguzi. Maafisa Oswald Lutz na Heinz Guderian walitumia miaka hiyo kujiuliza kifaru kifanye kazi na nani, kiongee vipi na jirani yake, na nani atakifuata na mafuta. Panzer I iliyoanza kutoka viwandani mwaka 1934 ilikuwa kijigari cha tani 5 na kitu, chenye bunduki mbili za rashasha, watu wawili ndani. Kama silaha ilikuwa dhaifu. Kama chombo cha kufundishia jeshi zima namna ya kusonga kwa injini, ilifaa sana.

Ushindi wa 1940 dhidi ya Ufaransa ndio hutajwa kwanza na wanaoamini ubora wa vifaru vya Kijerumani. Tuutazame kwa makini, maana ushahidi unaelekea kwingine kabisa. Wajerumani waliingia na vifaru 2,400 na ushei, na zaidi ya nusu yake vilikuwa Panzer I na Panzer II, vyepesi na vyenye ngozi nyembamba. Vingine vingi vilikuwa vya Kicheki, vilivyotoka kwenye viwanda vya Škoda na ČKD vilivyotekwa Machi 1939. Divisheni ya 7 ya Erwin Rommel ilivitegemea mno. Wafaransa walikuwa na vifaru vingi zaidi, na kile chao kizito, Char B1 bis, kilikuwa na deraya ambayo mizinga ya vifaru vya Kijerumani haikuipenya kwa urahisi. Katika kijiji cha Stonne, tarehe 16 Mei 1940, kimoja tu kiliingia barabarani, kikateketeza vifaru 13 vya adui na kutoka salama huku kimepigwa zaidi ya mara mia. Lakini siku moja kabla ya hapo, huko Flavion nchini Ubelgiji, divisheni ya kwanza ya deraya ya Ufaransa ilikutwa imesimama. Vifaru vyake vikubwa vilikuwa vimekunywa mafuta yote na magari ya mafuta hayajafika. Rommel akavikuta hivyo. Uzito ule ule uliovifanya visipenyeke ndio uliovifunga mahali pamoja.

Kitu ambacho Wajerumani walikuwa nacho 1940 hakikuonekana kwa nje. Ndani ya Panzer III na Panzer IV, sehemu ya juu inayozunguka na mzinga ilikaa watu watatu: mmoja wa kulenga, mmoja wa kupakia, na kamanda aliyebaki huru kutazama na kuamuru. Katika vifaru vingi vya Kifaransa kamanda alikuwa peke yake humo juu, akipakia, akilenga, akifyatua na kuongoza kwa wakati mmoja. Vifaru vya Kijerumani vilikuwa na redio; vya Kifaransa vingi havikuwa nazo. Panzer III ilisanifiwa na nafasi ya kupokea mzinga mkubwa baadaye. Panzer IV ilikua kidogo kidogo kwa muda wa vita vyote, ikabadilishwa mzinga na kuongezwa deraya, na bado ikabaki katika tani 25, uzito ambao madaraja, mabehewa na magari ya kuvuta yaliuweza. Naiona Panzer IV kuwa kazi bora kuliko zote za mafundi wao, ingawa haina sifa ya kutisha wala sinema nyingi. Ilijengwa kulingana na uwezo wa jeshi lililoitumia.

Mwezi Juni 1941 jeshi hilo liliingia Umoja wa Kisovieti na vifaru zaidi ya 3,000, pamoja na farasi zaidi ya 600,000. Tarakimu ya pili ndiyo ya kukumbuka. Jeshi linalosifiwa kwa injini lilikwenda Moscow likivuta mizinga na mikate yake kwa kwato, kwenye nchi ambayo reli zake zilikuwa na upana tofauti na za Ujerumani na barabara zake ziligeuka uji kila vuli. Huko likakutana na T-34, kifaru cha Kirusi kilichoanza na tani 26 na kufikia 32 mwishoni mwa vita, chenye deraya ya mshazari, injini ya dizeli na minyororo mipana isiyozama topeni. Kilikuwa na kasoro nyingi: gia ngumu, redio chache mwanzoni, watu wawili tu kwenye mzinga. Lakini kiliweza kutengenezwa haraka na wafanyakazi waliohamishiwa nyuma ya milima ya Ural, na kutengenezwa tena baada ya kupigwa. Hapo Wajerumani walikuwa na njia mbili. Wangeweza kuongeza mashine za wastani wanazozimudu, pamoja na spea na malori. Wakachagua mashine kubwa zaidi.

Tiger ilifika vitani mwaka 1942 ikiwa na tani 57 na mzinga wa milimita 88. Panther ilikusudiwa mwanzoni iwe ya tani 30 hadi 35, ikaishia 45. Tiger ya pili ilikaribia 70. Jambo la kushangaza ni kwamba zote tatu ziliendeshwa na injini ya jamaa moja ya Maybach, yenye nguvu za farasi 700 hivi. Injini iliyokuwa ikihema ndani ya Panther ndiyo iliyopewa Tiger ya pili, yenye tani 25 za ziada. Gia na mihimili ya mwisho inayopeleka nguvu kwenye minyororo ilivunjika kwa mizigo ambayo haikupimiwa. Panther 200 zilizopelekwa Kursk Julai 1943 zilianza kuharibika tangu zinashushwa kwenye mabehewa, na baada ya siku tano za mapigano zilizoweza kusimama na kupiga zilikuwa chache mno. Tiger ilikuwa pana kuliko njia ya reli ilivyoruhusu, kwa hiyo kila safari ya treni wafanyakazi wake walivua minyororo mipana na kuvisha myembamba, kisha wakafika na kuvua tena. Ikikwama, gari moja kubwa la kuvuta halikutosha; yalihitajika mawili au matatu, na amri ilikataza Tiger kuvuta Tiger, maana ya pili nayo ingevunjika gia. Mtu aliyekwisha kusoma habari za mizinga ya Königsberg anaijua picha hii. Kamba zilikuwa za chuma safari hii, lakini hesabu ni ile ile: kila chombo kikubwa kinadai vingine vitatu vikivute.

Waamerika walikabiliwa na swali lile lile na wakajibu kwa unyenyekevu ambao haujapewa heshima yake. Sherman ilibaki katika tani 30 na kitu kwa sababu wasanifu wake waliambiwa mapema kwamba lazima iinuliwe na kreni za bandari, ivuke bahari, na ipite kwenye madaraja ya muda yanayotandazwa na wahandisi wa jeshi. Mpaka wa uzito ulitoka bandarini na mtoni, ukawafunga mikono wale waliotaka deraya nene. Walioketi ndani walilipa gharama yake, kwani Sherman ilipenywa na mizinga ya Kijerumani kutoka mbali, na sitaki kulipunguza hilo: vijana waliungua humo. Lakini karibu 50,000 zilijengwa, na iliyoharibika jioni mara nyingi ilikuwa barabarani tena baada ya muda mfupi kwa sababu spea zilikuwa kwenye lori linalofuata. Tiger za kwanza zilizojengwa hazikufika 1,400, na za pili hazikufika 500.

Watetezi wa Tiger wana jibu lao, na ni zuri kuliko wengi wanavyodhani. Husema kwamba Ujerumani haikuwa na watu wala chuma cha kushindana kwa idadi, kwa hiyo ilibidi kila kifaru kiue vingi. Na kwamba vikosi vya Tiger viliua vingi kweli, vikaziba nyufa ambazo vifaru vyepesi visingeziziba. Nakubali sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza inaanguka inapopimwa kwa vitu vyenyewe. Taifa lenye uhaba wa mafuta ndilo linalopaswa kuogopa mashine inayokunywa zaidi ya lita 500 kwa kilomita 100 na ushei za nchi isiyo na barabara. Taifa lenye uhaba wa madini ndilo linalopaswa kuogopa deraya nene; na baada ya kupoteza machimbo ya manganizi ya Nikopol mapema 1944, huku madini mengine ya kukomazia chuma yakikosekana, mabamba ya vifaru vipya yalianza kupasuka pale yalipopaswa kustahimili. Uhaba ulikuwa hoja ya wepesi. Ukageuzwa kuwa hoja ya uzito na watu waliotaka silaha ya miujiza, Hitler akiwa wa kwanza wao. Mwisho wa njia hiyo ni Maus, kifaru cha tani 188, kilichojengwa vielelezo viwili. Kwa kuwa madaraja hayangekimudu, kilipangiwa kuvuka mito kwa kupita chini ya maji.

Tukiuliza sasa nani alibeba, jibu linatoka viwandani. Machi 1942 Fritz Sauckel alipewa kazi ya kutafuta wafanyakazi kwa ajili ya uchumi wa vita, na wanaume na wanawake wakakamatwa kwa mamilioni huko Poland, Ukraine, Ufaransa na kwingineko. Majira ya joto ya 1944 wageni na mateka waliofanyishwa kazi ndani ya Ujerumani walizidi milioni 7. Henschel ya Kassel, ilikotoka Tiger, ilitumia kazi ya lazima. Krupp, iliyomimina chuma na mizinga, ilitumia kazi ya lazima. Nibelungenwerk ya St. Valentin huko Austria, iliyounganisha Panzer IV, ililetewa wafungwa wa kambi ya Mauthausen. Walilala kwenye mabanda, walikula mchuzi wa mboga usioshibisha, wakapigwa mabomu pamoja na viwanda. Albert Speer, waziri wa silaha, alisifiwa miaka mingi baada ya vita kwa kuuongeza uzalishaji mwaka 1944. Uzalishaji ulipanda kweli. Kuutaja bila kuwataja watu hawa ni kurudia kosa la yule anayesifu karakana ya Dar es Salaam na kuwasahau waliovuta kamba.

Mafuta yalipokatika, hata kazi hiyo ya lazima haikusaidia. Mei 1944 ndege za Marekani zilianza kupiga viwanda vya kutengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe, Leuna kikiwa kikubwa miongoni mwake, na Agosti visima vya Ploiești huko Romania vikaangukia mikononi mwa Wasovieti. Mashambulizi ya Ardennes ya Desemba 1944 yalipangwa kwa matumaini ya kuteka mafuta ya adui njiani. Kikosi cha Joachim Peiper hakikuyapata ya kutosha. Tarehe 24 Desemba kilitoka La Gleize kwa miguu usiku, kikaviacha vifaru vyake vyote nyuma, Tiger za pili zikiwamo. Hapa kwetu pia, Eldoret inaijua nguvu ya bomba la mafuta kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki. Tangu bomba lilipofikishwa hapa mwaka 1994, malori ya kwenda Malaba na kuvuka mpaka hujaza hapa hapa, na mkazi wa mtaa wa Kapsoya akishuka mjini hukutana nayo Barabara ya Uganda. Julai 1976, baada ya uvamizi wa Israel kule Entebbe, Kenya ilibana mizigo ya Uganda inayopita njia hii, mafuta yakaadimika Kampala, na mapema Agosti Idi Amin, aliyekuwa na vifaru vingi na maneno makali, akakubali mapatano.

Miaka miwili baadaye eneo letu lilipata vita vyake vya vifaru. Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera likiwa na T-55 za Kirusi na Sherman za zamani zilizotoka Israel. Tanzania ilikuwa na vifaru vya Kichina, lakini wapiganaji wake walikwenda kwa miguu zaidi kuliko kwa injini. Pale Lukaya, Machi 1979, barabara ya kwenda Kampala hupita katikati ya kinamasi. Tarehe 10 safu ya Walibya na Waganda yenye T-55 na mitambo ya makombora iliifurusha brigedi ya 201 ya Tanzania kwenye njia hiyo. Usiku ule brigedi ya 208 ilizunguka, na kulipokucha ikaipiga safu ile kwa nyuma, nayo haina pa kugeukia kwa kuwa kifaru kikiiacha lami kinazama. Walibya wapatao 200 waliuawa. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilianguka. Mtu anaweza kusema Lukaya ni ushindi wa mbinu na wala hauhusu uzito. Lakini mbinu ile ilikuwapo kwa sababu upande mmoja ulikuwa umefungwa na tani zake kwenye ukanda mwembamba wa lami, na mwingine ulikuwa huru kuchagua njia.

Kuna pingamizi moja la mwisho ambalo ni la kimaadili, nalo lastahili jibu. Husemwa kwamba kuwapima waunda silaha kwa mateso ya wabebaji ni kuchanganya uhandisi na haki, na kwamba mhandisi hulaumiwa kwa gia mbovu, wala si kwa siasa ya nchi yake. Nadhani mgawanyo huo ni wa uongo, na ushahidi wake uko kwenye michoro. Anayechora mashine isiyoweza kuvutwa, kulishwa wala kutengenezwa kwa njia zilizopo anaagiza, ajue asijue, njia nyingine ipatikane. Mwaka 1943 njia hiyo ilikuwa na jina na ofisi, na Sauckel aliyeiongoza alinyongwa Nuremberg Oktoba 1946. Speer alifungwa miaka 20.

Malipo yalifuata njia tofauti kwa wabebaji tofauti. Mwaka 2000 Ujerumani, serikali na makampuni pamoja, ilianzisha mfuko wa marki bilioni 10 kwa ajili ya waliofanyishwa kazi kwa nguvu, na kufikia 2007 zaidi ya watu milioni 1.6 walikuwa wamelipwa, wengi wakiwa wazee, wengine kupitia warithi. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa Kiafrika wa Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai. Kwa upande wa Kenya, mishahara ya wapagazi waliofia vitani bila kuichukua ilibaki mikononi mwa serikali. Oscar Watkins, aliyewaongoza, aliidai kwa ajili ya jamii zao, na madai hayo yalikataliwa.